Dagaa wa Kigoma, wa Mwanza na wa Kuku

 

Jumamosi iliyopita nilitumwa sokoni. Nasema nilitumwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mtu ukishastaafu, nyumbani unarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu. Unapewa kikapu, unapewa hela, unakumbushwa chenji. Niliagizwa dagaa, kisado kimoja. Nikafika kwenye meza ya binti mmoja, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu. Akaniangalia kwa ile huruma wanayoangaliwa nayo wanaume wenye vikapu. "Dagaa gani, mzee wangu?" Mbele yake palikuwa na malundo matatu. Akanionyesha kwa kidole, moja moja: "Hawa wa Kigoma, hawa wa Mwanza, hawa wa kuku."

Nikasimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kurudi. Kigoma naijua, Mwanza naijua. Kuku ni mkoa gani? Lundo la kwanza na la pili yamepewa jina la mahali samaki alikotoka. La tatu limepewa jina la atakayemla. Mwalimu wangu wa mantiki, Mungu amrehemu, angemsimamisha binti yule kwenye kona kwa kosa la kuchanganya vigezo. Lakini wateja walikuwa wanakuja, wanapimiwa, wanalipa, wanaondoka, na sikuona hata mmoja aliyekwenda nyumbani na kitu asichokitaka. Wa Kigoma ni wa mgeni, na bei yake imechangamka. Wa Mwanza ni wa kila siku. Wa kuku ni wale waliovunjika wakachanganyika na mchanga. Wanasagwa na kutiwa kwenye chakula cha mifugo. Kila mtu pale alijua, isipokuwa mzee mwenye kikapu.

Nikanunua wa Mwanza. Baadaye niliambiwa nilitakiwa kuleta wa Kigoma, lakini hayo ni ya nyumbani, hayahusu redio.

Yanayohusu redio ni ile kazi aliyoifanya binti yule bila daftari: kuchukua wingi wa vitu vya duniani, kuvigawa katika makundi na kuyapa makundi hayo majina. Wasomi wanaiita taksonomia. Neno hilo lilitungwa mwaka 1813 na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, la mpangilio na la kanuni. Sisi tunasema uainishaji, kutokana na aina, na neno hilo linatosha.

Tena sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haki ya kuliogopa jambo hili, maana hatuwezi kufungua kinywa bila kulifanya. Mtoto wa miaka mitatu hasemi kiti amevunjika. Anajua kiti kimevunjika, mti umevunjika, na baba amevunjika mguu. Kila jina lina kundi lake, na kundi ndilo linaloamua kitenzi kivae nini. Makundi hayo tunayaita ngeli, neno ambalo walimu wa sarufi hutuambia limetoka kwa ndugu zetu Wahaya. Na waandishi wa vitabu vya baiolojia walipotafuta jina la kundi kubwa la wanyama kama mamalia au ndege, walikwenda kwa mwalimu wa sarufi wakaazima neno lilelile. Kwa hiyo sungura ana ngeli mbili, moja ya lugha na moja ya maziwa.

Ngeli nazo zina ukaidi wake. Kipofu ana ki- ya kiti, lakini husemi kipofu kimefika. Umbo lake linamvuta huku, uhai wake unamvuta kule, na uhai unashinda. Ninachokipenda zaidi ni kifaru. Ukisikia kifaru amelala, ni mnyama mwenye pembe, anakula nyasi. Ukisikia kifaru kimelala, kaa mbali, hicho kinakunywa dizeli. Jina ni moja, herufi hazikubadilika hata moja, ila msemaji ameshakuambia amekiweka kundi gani.

Sasa kugawa kwa makundi peke yake bado si taksonomia kamili. Orodha ya vitu vya dukani, sukari, sabuni, kiberiti, ni orodha tu. Taksonomia inaanza pale kundi linapoingia ndani ya kundi jingine, kama sufuria za seti zinavyoingiana kabatini: ndogo ndani ya ya kati, ya kati ndani ya kubwa. Faida yake ni kwamba ukilijua jambo kuhusu sufuria ya nje, umelijua kuhusu zote zilizomo. Sijawahi kumwona popo akinyonyesha, na sina hamu ya kumwona. Lakini ukiniambia popo ni mamalia, najua ananyonyesha. Sikuingia pangoni, sikulala macho usiku. Nimefungua sufuria moja tu. Akili ya binadamu ni ndogo na dunia ni kubwa, na bila sufuria hizi kila mmoja wetu angelazimika kuanza upya kila asubuhi, akionja kila uyoga na kumkaribia kila nyoka.

Turudi kwa dagaa, maana binti yule amenipeleka vitabuni.

Dagaa wa Kigoma ni samaki wa ukoo wa saradini. Wako wa aina mbili, na wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Ni ukoo wenye asili ya baharini uliohamia maji baridi zamani mno, kabla hapajawa na mtu wa kuukaanga. Dagaa wa Mwanza ni mwingine kabisa, jina lake Rastrineobola argentea, na ndugu zake ni akina ningu. Halafu kuna dagaa mchele wa baharini, wale wadogo wanaoanikwa Unguja na Pemba. Ukiuliza nani ndugu wa nani, jibu ni la kushangaza: dagaa wa Kigoma ana udugu wa karibu zaidi na dagaa wa bahari ya Pemba kuliko na yule wa Mwanza, ziwa la jirani. Sokoni wamelala meza moja kama watoto wa tumbo moja.

Hapo ni jina moja, samaki wengi. Upande wa pili kuna samaki mmoja, majina mengi. Yule wa Mwanza akivuka mpaka kwenda Kisumu anaitwa omena. Akienda Uganda anaitwa mukene. Yule Limnothrissa wa Tanganyika alichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 akamwagwa Ziwa Kivu; leo Goma na Bukavu wanamwita sambaza, na Rwanda wanamwita isambaza. Miaka ya 1960 akapelekwa bwawa la Kariba, na huko Zambia na Zimbabwe anaitwa kapenta. Mtu wa Kigoma akienda kumtembelea ndugu yake Siavonga, kando ya Kariba, akaletewa ugali na kapenta, anaweza kusifia kitoweo cha kigeni asijue kwamba amekula samaki wa kwao.

Je, neno dagaa ni kosa? Mimi nasema hapana. Dagaa ni jibu zuri la swali la mpishi: samaki mdogo, anakaushwa mzima, analiwa na kichwa chake, hahitaji jokofu. Lakini ukiwa unaandika sheria ya ukubwa wa tundu la wavu, au unataka kujua wanazaliana mwezi gani, jibu la mpishi halikufai. Swali limebadilika.

Mtu aliyetaka kuumaliza mkanganyiko wa namna hii duniani kote alikuwa Msweden, Carl Linnaeus. Kabla yake, jina la mmea kwa Kilatini lilikuwa sentensi nzima: mmea fulani wenye majani ya namna fulani, na ua la namna fulani, usio na miiba. Mwaka 1753, katika kitabu chake cha mimea, Linnaeus aliupa kila mmea majina mawili tu, la kwanza la jenasi, la pili la spishi yenyewe. Ni kama daftari la mahudhurio linaloanza na jina la ukoo. Mwaka 1758 akafanya hivyo kwa wanyama. Katika kitabu hicho cha wanyama alimtoa nyangumi kwenye samaki, alikokuwa amemweka mwenyewe katika matoleo ya mwanzo, akampeleka kwa mamalia. Wavuvi hawakuulizwa. Mvuvi anayemwona nyangumi akipuliza maji nje ya Mafia anajua jambo moja la maana kuhusu ukubwa ule na mtumbwi wake, na maziwa hayamo katika hesabu hiyo.

Namna Linnaeus alivyoipanga mimea ilikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Alihesabu stameni, vile vijiti vya kiume vilivyo ndani ya ua. Mmea wenye stameni moja huku, wenye mbili kule. Ilimwezesha hata mwanafunzi asiye na uzoefu kuupata mmea kitabuni kwa kuhesabu kwa vidole. Lakini iliwaweka kitanda kimoja watu wasiojuana na kuwatenga ndugu wa damu. Mfaransa Michel Adanson, aliyekuwa ameishi Senegal na kuiona mimea ya kitropiki kwa wingi wake, alimpinga waziwazi. Mwaka 1763 alitoa kitabu akisema sifa zote za mmea zitazamwe, si moja tu. Linnaeus kwa upande wake alikuwa ameshauita mbuyu kwa jina la Adanson: Adansonia. Kwa hiyo kila mbuyu unaouona Bagamoyo au Dodoma umebeba jina la mpinzani, ulilopewa na yule aliyepingwa.

Na majina hayo ya Kilatini, tuliyoambiwa hayabadiliki, hubadilika, tena kwa kura. Migunga yetu, ile ya mwavuli unayoiona kwenye kila kalenda ya Serengeti, ilikuwa inaitwa Acacia. Wataalamu walipogundua kwamba kundi hilo ni kubwa mno na inabidi ligawanywe, kanuni ya kawaida ingeliacha jina kwa mti uliolipata kwanza, na huo ulikuwa mgunga wa Afrika. Lakini Australia ina karibu spishi elfu moja za kundi hilo, na wenyewe wakasema kubadilisha lebo zote hizo ni mateso. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ukawapa Waaustralia jina. Melbourne mwaka 2011 likathibitishwa. Ya kwetu sasa ni Vachellia na Senegalia. Madereva wa watalii bado wanasema akasia. Bibi yangu alisema mgunga, na hakuwahi kulazimika kuhudhuria mkutano wowote.

Mimea na wanyama basi. Niwaambie sasa kuhusu rafu za vitabu.

Nikiwa kijana niliingia maktaba moja kubwa kutafuta mashairi ya Shaaban Robert. Nilidhani nitayakuta mbele, kwa sababu kwangu mimi fasihi ilianzia hapo. Nikazunguka. Shakespeare nilimwona mapema, amekaa pazuri, kwenye mwanga. Nikamwuliza mkutubi, mzee mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Akaniambia, "Nenda mwisho kabisa, mwanangu. Ukigonga ukuta, rudi hatua mbili."

Sikuelewa siku hiyo, nilielewa baadaye. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, aliouchapisha mwaka 1876. Dewey aliyagawa maarifa yote mafungu kumi, na kila fungu kumi tena, na tena, kwa tarakimu. Ni ubunifu mkubwa. Tarakimu hazijali lugha, na kitabu kipya kinaweza kuingizwa kati ya viwili vya zamani kwa kuongeza nukta. Fasihi ni fungu la 800. Sasa sikiliza anavyoligawa. Fasihi ya Marekani, 810. Ya Kiingereza, 820. Kijerumani, 830. Kifaransa, 840. Kiitaliano, 850. Kihispania, 860. Kilatini, 870. Kigiriki, 880. Halafu 890: fasihi nyingine zote. Urusi humo, China humo, Waarabu humo, India humo, na Afrika nzima imepewa 896. Kiswahili kiko 896.392. Waitaliano wana makumi yao. Sisi tumepangishwa chumba cha nyuma, baada ya nukta. Dini nazo ni hivyohivyo: katika fungu la 200 Ukristo ulichukua karibu nyumba yote, na Uislamu ukapewa namba moja, 297, kwenye ua la nyuma pamoja na majirani wengine. Baadhi ya maktaba za nchi za Kiislamu ziliishia kuipanua 297 zenyewe.

Tusimtukane Dewey kupita kiasi. Alikuwa kijana anayefanya kazi kwenye maktaba ya chuo huko Amherst, ana jengo, ana rafu, ana vitabu ambavyo chuo kile kilikuwa navyo. Swali lake lilikuwa: hivi nilivyo navyo niviweke wapi? Alilijibu vizuri. Tatizo lilikuja jibu la chuo kile lilipochukuliwa kuwa ramani ya akili ya binadamu, likasafiri kwa meli likatua kwetu, na kijana akaingia maktaba ya nchi yake akaambiwa mshairi wake yuko ukutani.

Kuna Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, aliyeliona tatizo jingine la Dewey. Chukua kitabu kuhusu magonjwa ya muhogo Tanzania. Ni kitabu cha kilimo? Cha magonjwa? Cha Tanzania? Kwa Dewey lazima uchague chumba kimoja, na anayekitafuta kupitia chumba kingine atapita mlangoni asikione. Mwaka 1933 Ranganathan alitoa mfumo wake: usichague. Kiulize kitabu pande zake moja baada ya nyingine, kinahusu kitu gani, tatizo gani, mahali gani, wakati gani, kisha ziunge pande hizo kwa nukta pacha. Maktaba nyingi hazikuufuata, ulionekana mzito. Lakini ukiingia kwenye simu yako kutafuta nyumba ya kupanga, ukachagua mtaa, ukachagua vyumba viwili, ukachagua bei, unafanya kazi ya Ranganathan.

Kitabu hicho cha muhogo tukiweke pembeni kidogo, tutakirudia.

Kuna mahali ambapo kukosea kundi si suala la rafu. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta jambo ambalo bibi zetu wangewaambia bure. Mama alikuwa anajua homa, na homa inapelekwa hospitali. Lakini mtoto akianza kukakamaa na kugeuza macho, huyo hana homa tena, ana degedege. Na degedege lilikuwa na ukoo wake: wengine walilihusisha na dege linalopita usiku, na wengi waliamini mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo alipelekwa kwa mganga. Wakati huohuo daktari, kilomita tano kutoka hapo, alikuwa na daftari ambalo neno degedege halimo. Kwake kukakamaa ni dalili, na mara nyingi ni dalili kwamba malaria imekuwa kali. Kile ambacho kwa mama kilikuwa lundo jingine, kwa daktari kilikuwa lundo lilelile lililochemka.

Mama hakuwa mjinga. Alipanga kwa alichokiona, na alichokiona ni kwamba mtoto wa jana na mtoto wa leo hawafanani. Wahudumu wa afya waliofanikiwa ni wale walioanza kwa kulitaja degedege kwa jina lake, kisha wakaieleza njia inayolifungamanisha na homa. Kumwambia mama degedege hakuna ni kumwambia hukuona ulichokiona, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Halafu kuna kupanga watu. Hili nitalipita haraka. Si kwamba ni dogo, linanichosha roho. Linnaeus yuleyule wa majina mawili aligawa binadamu katika makundi manne kwa bara na rangi, na mwaka 1758 akaliandikia kila kundi tabia, ya Mwafrika ikiwa ya kudhalilisha. Wasomi waliomfuata waliyachukua makundi hayo kama walivyochukua ya mimea. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Wabelgiji walianza kuwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vyenye nafasi ya kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Kabla ya hapo mistari hiyo ilikuwepo, lakini mtu aliweza, ingawa si kwa urahisi, kuivuka kwa ng'ombe na kwa ndoa. Karatasi haivukiki. Ilirithiwa kutoka kwa baba kama jina. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani hakuna aliyeulizwa maswali marefu, mtu aliombwa kitambulisho. Baada ya hapo nafasi ile ya kabila ilifutwa.

Sasa turudi kwenye muhogo, maana sitaki mzime redio mkiwa mmeinamisha vichwa.

Milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, kuna mahali panapoitwa Amani. Wajerumani walijenga hapo kituo cha utafiti mwaka 1902, na Waingereza wakakirithi. Eneo hilo lina bahati mbaya na bahati nzuri. Bahati mbaya ni kwamba magonjwa mawili makubwa ya muhogo yaliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka sehemu hizo: batobato mwaka 1894, na michirizi ya kahawia mwaka 1936. Aliyeandika kuhusu ule wa pili ni mtafiti wa Amani, H. H. Storey. Batobato unaujua ukiuona shambani, majani yamejikunja, yana mabaka ya njano. Michirizi ni mnafiki zaidi: shina linaweza kuonekana zima, unachimba, unakata, ndani muhogo umeoza rangi ya kahawia.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walijaribu mihogo ya kila namna, na mingi ilishambuliwa. Hapo ndipo taksonomia ilipoacha kuwa maneno. Muhogo ni Manihot esculenta, asili yake Amerika ya Kusini. Jina la kwanza, Manihot, ni la ukoo. Nani mwingine ana jina hilo? Na hapa ndipo ilipo bahati nzuri, jirani kabisa alikuwepo mmoja: Manihot glaziovii, mti wa mpira kutoka jimbo la Ceará nchini Brazil. Wajerumani waliupanda kwa wingi Tanga kwa ajili ya utomvu, kabla bei ya mpira haijaanguka na vita ya kwanza ya dunia haijawaondoa. Mashamba yakaachwa, miti ikabaki kwenye mipaka na vichaka, haina mwenyewe. Haizai muhogo wa kula. Ila wapishi wa pwani walikuwa wanauchuma majani na kuyatwanga kwa nazi, na hadi leo utasikia kisamvu cha mpira. Mtwangio ulikwisha kuuona udugu.

Watafiti wakauchavusha muhogo kwa mpira. Watoto wa kwanza walikuwa wagumu kwa magonjwa, lakini chini hakuna kitu, mizizi kama kamba. Wakawaoza tena kwa muhogo. Wajukuu wakaozwa tena kwa muhogo. Kwa kizazi cha tatu cha kurudia hivyo, chini kukawa na chakula na juu kukabaki ukaidi wa mpira. Kazi hiyo iliendelea Amani mpaka mwaka 1957. Mbegu zake nyingine zilipelekwa Nigeria, na kutoka huko zikaingia katika mihogo iliyozalishwa kituo cha Ibadan miaka ya 1970 na kusambazwa sehemu kubwa ya Afrika.

Hakuna aliyekuwa amemwonyesha Storey kwamba mti ule wa vichakani una dawa. Alichokuwa nacho ni jina la ukoo, ambalo lilimwambia mlango upi ukibishwa unaweza kufunguliwa.

Mmoja wa mihogo ya Amani ulibaki mashambani. Kwenye daftari la watafiti ulikuwa namba tu, 46106/27. Pwani ya Kenya wakulima waliupokea wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga. Miaka mingi ikapita, watafiti wa kizazi kingine wakija na orodha zao za aina za muhogo, Kaleso mstari wake, Namikonga mstari wake, wakisifia kwamba zote mbili zinavumilia michirizi kuliko mingine, mpaka walipozipima vinasaba na kukuta ni kitu kimoja.

Na huo Namikonga ukichimbwa, ukaoshwa, ukafika sokoni kwenye meza ya jirani wa yule binti wa dagaa, hautakuta daftari wala namba. Muuzaji atakuuliza unataka wa kuchemsha au wa kukaanga.